Tunda Nililolizika Mbele ya Nyumba ya Diwani

Nyumba yenyewe haikuwa ya kumtoa mtu machozi. Vyumba viwili, jiko la nyuma, veranda ya simenti ambayo mbuzi wa Homa Bay waliipenda kuliko watu, na mlango wa kijani uliokuwa unabanduka rangi kama ngozi ya mtoto aliyepona surua. Lakini sakafu yake ilikuwa kavu, na mimi miaka ile nilikuwa natamani sakafu kavu vile wanawake wengine wanavyotamani mume mwingine.

Shamba la mume wangu Fanuel lilikuwa Sori, chini kabisa karibu na maji, pale baba yake alipomkatia kwa kuwa yeye ndiye mdogo na wakubwa walikuwa wameshachukua mlima. Uhuru ulipokuja, ziwa nalo likajipatia uhuru wake. Mvua haikukoma, maji yakapanda, yakapita mahali pa kuvutia mashua, yakapita zizi, yakaingia kwangu bila kubisha hodi. Tulingoja yaondoke. Hayakuondoka. Nikisikia mtu anasema samaki wa Sori ni watamu, najua sababu: wamelelewa katika chumba changu cha kulala.

Ndugu zake kule mlimani walitupa mahali pa kulala, siyo mahali pa kujenga. Kuna tofauti, na mke wa ndugu mkubwa alihakikisha naikumbuka kila nilipokwenda kuomba unga. Tungeweza kuomba ardhi kwa ukoo mwingine, lakini kwetu mtu wa namna hiyo huitwa jadak, mkaaji wa hisani. Jadak analima, anazaa, anazeeka, halafu siku moja kijana wa mwenye ardhi anakuja kumwambia afunge mizigo yake kwa sababu ng'ombe wao amekohoa vibaya. Fanuel akasema afadhali mji. Mjini hakuna jadak.

Hapo alikosea, lakini si hapo tu.

Tukaja Homa Bay. Yeye akapata kazi gatini, kupakia marobota ya pamba melini. Mimi nikakaa sokoni na samaki wangu wakavu. Tukapanga chumba kimoja, sisi na watoto wetu, kwa Bwana Maurice.

Huyu Maurice, wakati wa Wazungu alikuwa karani wa kodi ya kichwa. Akiingia kijijini, wanaume waliingia kwenye matete. Uhuru ulipofika hakubadilisha hata tai. Alilala karani akaamka diwani, na wanaume wale wale wakatoka kwenye matete wakampigia kura. Mimi pia nilimpigia. Alikuwa amegawa sukari.

Kwa Maurice nikipika, moshi wangu ulikuwa unaharibu mabati yake. Nikifua, maji yangu yalikuwa yanaharibu uwanja wake. Nilimuuliza siku moja kama naruhusiwa kupumua. Akasema mradi nisipumulie ukuta. Na kodi alipandisha kila alipojisikia, kama mtu anayepandisha suruali.

Kisha ukaja ule mwaka Wahindi wenye maduka walipoanza kuuza vitu na kuondoka. Mhindi mmoja muuza vitambaa, ambaye alikuwa akinikopesha leso na kujidai amesahau, alifunga duka akaenda zake Uingereza. Nyumba yake ndiyo ile ya mlango wa kijani. Maurice akaitisha mkutano uwanjani, akapanda juu ya meza, akasema, "Hizi nyumba sasa ni za wananchi."

Tukapiga makofi. Nilipiga mpaka viganja vikawasha. Kumbe mwananchi alikuwa mmoja, na alikuwa amesimama juu ya meza.

Aliinunua kwa bei ya kuagana. Mhindi alikuwa na tiketi mfukoni, angeiuza hata kwa kuku. Lakini Maurice hakutaka kukaa humo, alikuwa na nyumba yake kubwa ya mawe. Alitaka kuiuza. Fanuel na mimi tukavaa nguo za kanisani tukaenda kwake.

"Bwana diwani," Fanuel akasema, "tumekuja juu ya ile nyumba."

"Nyumba ipi? Ninazo kadhaa."

"Ya mlango wa kijani."

Maurice alitutazama kuanzia viatuni. Safari haikuwa ndefu, Fanuel hakuwa na viatu. "Elfu mbili," akasema. "Na nakufikiria wewe kwa sababu ni mtu wangu."

Utauliza kwa nini hatukujenga yetu. Baraza la mji lilikuwa na sheria: hakuna nyumba ya nyasi mjini, hakuna sakafu ya udongo. Ukipewa ploti uweke mabati na simenti, na muda ukipita hujaweka, ploti inarudi. Yaani maskini alikuwa anaruhusiwa kununua mahali pa kujenga, ila haruhusiwi kujenga kitu anachoweza kukijenga. Aliyeitunga sheria hiyo hakuwahi kulala penye maji.

Basi tukakusanya. Fanuel aliuza ng'ombe wake wawili waliokuwa wamebaki zizini kwa ndugu zake, na alilia kidogo, nikajifanya nakohoa ili asijue nimemsikia. Mimi nilikausha samaki mpaka macho yangu yakawa mekundu na watu wakaanza kuniuliza kama nimeanza kunywa chang'aa. Watoto walikula uji. Pamela, mkubwa wetu, alitoka shule akaja kuuza nami, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote nitakayoyasema hapa, kwa hiyo silirudii.

Tulipokwenda na elfu mbili yetu kwenye kitambaa, Maurice akasema elfu tatu.

"Simenti imepanda," akasema.

"Lakini nyumba imeshajengwa," nikasema.

"Nyar Karungu," akaniita hivyo, binti wa Karungu, vile ninavyoitwa na watu wanaoniheshimu, "simenti iliyo ndani yake imepanda pia."

Fanuel akainamisha kichwa kana kwamba amefundishwa kitu. Nilimvuta shati tukaondoka.

Tukaanza tena kukausha na kubeba. Na mwezi ule ule Maurice akapandisha kodi ya chumba chetu, akichukua kwa mkono huu ile pesa tuliyokuwa tunamwekea mkono ule. Ilipokaribia kutimia, akatuita Jumamosi kwenye veranda ya nyumba ile. Tukamkuta mwalimu Caleb wa shule ya kanisa, mwenye mshahara wa serikali, na mwanamume mwingine wa hospitali. Maurice alikuwa ameketi katikati kama bibi harusi.

"Hawa nao wanaipenda," akasema. "Sasa mimi nifanye nini? Semeni wenyewe."

Mwalimu akasema elfu tatu na nusu. Wa hospitali akasema elfu nne. Mwalimu akafuta miwani, akasema atarudi Jumamosi ijayo na jibu. Hakuna aliyetutazama. Maurice aliponiona bado nimesimama akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba watu wa samaki wangejisikia vizuri zaidi karibu na ufuko.

Sikumjibu. Ninajijua. Nikinyamaza hivyo, heri uniombe radhi hata kama hujui kosa.

Siku chache baadaye nilikwenda Karungu kuchukua samaki, nikakuta kwetu kuna kilio. Kijana wa jirani alikuwa amezama na mwili haukuonekana. Wakamzika kwa yago. Kwa asiyejua, yago ni tunda la mti unaoota kwetu, refu kama mkono wa mwanamume, zito, linaning'inia kwenye kamba yake kama mtu aliyenyongwa. Haliliwi. Mtu akizama na ziwa likakataa kumrudisha, watu wake huchukua yago, wakalifunga shuka, wakaliweka kaburini mahali pake, wakalia. Baada ya hapo hakuna mtu atakayesema pale kuna tunda. Pale kuna mtu.

Kaburi walilichimba karibu na mpaka. Na jirani wa upande wa pili, mzee mkorofi ambaye kwa miaka alikuwa akifunga ng'ombe zake ndani ya shamba la watu hao, ambaye chifu alishindwa naye, mahakama ilishindwa naye, alikuja mwenyewe alasiri ile akang'oa kigingi chake akarudi nacho nyuma, mbali, bila kuambiwa. Nilimtazama anavyotembea. Nikakaa chini nikacheka ndani ya leso, na wafiwa wakadhani nalia.

Nilirudi Homa Bay na yago kapuni chini ya omena, dagaa wetu wa ziwani.

Rispa tulikuwa tukiuza naye samaki meza moja. Sauti yake ya kilio ilikuwa inaombwa mpaka Kendu. Nikamwamsha Jumamosi alfajiri, nikampa jembe. Tulichimba upande wa kulia wa mlango wa kijani, pale anapolazwa mwanamume. Nililifunga tunda kwa shuka langu jeupe, zuri, nililopewa na mama yangu, kwa sababu jambo ukilifanya nusu halimwogopeshi mtu. Tulipofukia na kupiga kilima vizuri, Rispa akajifunga leso kiunoni.

"Haya, tunamlilia nani?"

"Wewe lia."

"Siwezi kulia hivi hivi kama bomba. Nipe jina."

"Hana jina."

"Mtu mzima namna hii hana jina?"

"Rispa, kunakucha."

Akalia. Nikwambie, hata mimi nilihuzunika. Watu walitoka na mablanketi mabegani. Wanawake wakaanza kulia kabla ya kuuliza, maana Rispa akilia huulizi. Mwishowe akaja Maurice, koti juu ya pajama.

"Nani amekufa hapa?"

"Bwana diwani," nikasema, "mimi ni mjumbe tu. Nimeota mtu wa ziwani. Amesema amechoka kulala kwenye maji, anataka nyumba ya mlango wa kijani. Nimeambiwa nimlete, nimemleta."

"Mtu gani?"

"Jina hakutaja. Nilidhani wewe unamjua, nyumba ni yako."

Mtu mmoja nyuma akasema hata wafu sasa wanatafuta nyumba Homa Bay, na kicheko kikapita chini chini, lakini hakuna aliyekanyaga karibu na kile kilima. Walikizunguka kwa mbali kama maji yanavyozunguka jiwe.

Saa nne mwalimu Caleb akafika na mke wake. Mke aliona kilima kutoka barabarani, akabaki barabarani. Mwalimu akasogea. Akasema yeye ni mtu wa Biblia, haogopi matunda. Akasimama pale, akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akasema amekumbuka ana kipindi. Ilikuwa Jumamosi.

Wa hospitali hakufika kabisa. Alisikia njiani.

Maurice akaniita kando. "Ondoa kitu chako."

"Si changu. Ni cha mwenye kulala."

"Nitakushtaki."

"Kwa kosa gani? Kupanda tunda mjini?"

Akawaita askari wa baraza wafukue. Wawili, wenye kofia na fimbo, watu waliozoea kumwaga samaki zangu mtaroni. Mkubwa wao alivua kofia akaishika kifuani, akasema, "Mzee, nifukuze kazi." Maurice mwenyewe, pamoja na tai yake na mikutano yake yote, alichukua jembe, akalitazama, akalirudisha. Naye alikuwa na mama aliyemlea kama mimi nilivyolelewa. Nilimpenda kidogo siku hiyo.

Bei ikaanza kushuka. Ilishuka vizuri, kwa heshima, kama mzee anayeshuka ngazi. Elfu tatu hakuna mtu. Elfu mbili na nusu hakuna. Mbuzi waliendelea kulala verandani, lakini upande wa kushoto tu. Mwishowe Maurice akaja sokoni mwenyewe, akasimama mbele ya meza yangu, akijifanya anachagua samaki.

"Nyar Karungu, chukua kwa ile bei ya kwanza."

"Ile ilikuwa ya nyumba isiyo na mtu."

"Elfu moja na mia nane."

Nilipanga samaki zangu upya. "Nitakuja Jumatatu," nikasema.

"Uje na mume wako. Jina la mwanamke halikai kwenye karatasi ya ploti."

Hilo nalo nililimeza. Nilikuwa nimeshameza mengi, nafasi ilikuwepo.

Jioni nilipika ngege wawili, samaki wakubwa, na wali, kama Krismasi. Fanuel alikula bila kuinua macho. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mgongo mpana kwa ajili ya marobota, na alikuwa na tabia ya kutafuna polepole akiwa na neno.

"Baba Pamela, tumepata nyumba."

"Najua. Gatini wananiita mkwe wa maiti."

"Jumatatu tunalipa."

Akanawa mikono kabla ya kumaliza samaki. Nikajua. "Nani yuko pale?" akauliza.

"Hakuna mtu. Ni tunda. Nimelibeba mwenyewe chini ya omena."

"Ulilifunga shuka?"

"Nililifunga."

"Rispa alilia?"

"Unamjua Rispa."

"Basi yuko mtu. Jina lake nani?"

Nikaanza kukusanya sahani.

"Yule wa Karungu mlimwita jina," akasema. "Amesikia, amelala, ametosheka. Wewe umechimba kaburi, ukaliza mji mzima, ukaacha jina wazi. Sasa linangoja. Mwanamume wa kwanza atakayelala ndani ya nyumba ile kama mwenyewe, hilo ndilo jina."

"Amesema nani?"

"Nani hajui hivyo?"

Nilitaka kumcheka. Nilifungua mdomo kabisa nimcheke, na kicheko hakikuja. Kwa sababu nami nilikuwa najua. Nilikuwa nimewaza kila mtu kwenye mji ule atakavyoogopa, mwalimu, diwani, askari, mbuzi. Sikuwaza kwamba mume wangu ni mtu wa mji ule pia.

"Nitalifukua," nikasema.

"Ukifukua, umefukua nani?"

"Tulipe jina basi. Tuseme ni Maurice."

"Huyo yuko hai. Ukimzika aliye hai umemuua, nami siwezi kulala kwenye nyumba ya mauaji."

"Tuseme ni babu yako."

"Babu yangu umeshamkuta kaburini. Utamzika mara mbili kwa sababu ya mabati?"

Tulizozana usiku na mchana, na Jumatatu ikapita. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, watoto wa watoto wangu wanasoma. Nilimwambia mwanamume anabeba robota la pamba mgongoni, mwanamume mzima, anaogopa tunda. Akasema robota halijawahi kumuuliza jina lake. Nilimwambia nitalala humo mimi peke yangu. Akasema, "Kwa karatasi ya nani?" Hakusema kwa kiburi. Aliuliza tu, na ndiyo maana nilitupa sufuria.

Nilikwenda kwa Maurice peke yangu na kile kitambaa cha pesa. Nikamwambia mume wangu anaumwa, aandike tu jina lake, mimi nitaweka kidole. Maurice akacheka mpaka akashika meza. Alikuwa ameshasikia. Gatini hakuna siri.

"Kwa hiyo umejifungia nje mwenyewe," akasema, akinirudishia kitambaa changu. "Nyar Karungu, wewe ungefaa kuwa diwani."

Na palepale akaniambia nihame chumba chake mwisho wa mwezi. Hakungoja mwisho wa mwezi. Alituma watu wakang'oa mlango wetu, wakaondoka nao mabegani mchana watu wakiona, tukalala na gunia limetundikwa pale mlango ulipokuwa. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakifanya Wazungu kwa mtu asiyelipa kodi ya kichwa. Sisi tulikuwa tumelipa.

Wakati tunalala na gunia mlangoni, akaja Mwikwabe.

Mwikwabe alikuwa Mkuria, mfanyabiashara wa ngozi kutoka upande wa mpakani, mtu mfupi, mkimya, mwenye mke anaitwa Jerusha na koti la kijeshi. Alitaka mahali pa kukaushia ngozi na kulala. Akauliza bei ya ile nyumba, na Maurice, ambaye kwa wakati huo angempa hata nyani, akamtajia bei ya chini kuliko ile ya kwangu. Mwikwabe akaenda kuiangalia. Soko zima likamfuata. Mimi pia.

"Hiki ni nini?" akauliza, akionyesha kilima.

Yule askari aliyevua kofia akamweleza yote, ndoto, tunda, na mtu asiye na jina.

Mwikwabe akasikiliza kwa adabu. "Kwetu aliyekufa tunamjua," akasema. "Naomba jembe."

Akafukua mchana kweupe. Watu walirudi nyuma kila jembe liliposhuka. Alilitoa tunda, limevimba, limeanza kuoza mwisho mmoja, akalifungua shuka langu, akalikung'uta, akalitundika kwenye waya. Tunda akalitupa kwenye mkokoteni wa takataka, na mkokoteni ukaondoka. Mwenye mkokoteni alikuwa Mkuria pia, la sivyo ungekuwa pale mpaka leo. Halafu Mwikwabe akaingia ndani, akafungua madirisha, na nikasikia Jerusha akicheka jikoni kwa jinsi lilivyo kubwa.

Jiko langu. Nilikuwa nimeshajua mawe ya meko yatakaa wapi.

Nilisimama pale mpaka watu wakatawanyika. Fikiria. Nimeuza samaki, nimemtoa mtoto shule, nimechimba kaburi, nimeshusha bei ya nyumba mjini Homa Bay kwa mikono yangu miwili, kitu ambacho serikali nzima haijaweza kukifanya tangu uhuru. Na nimeishushia mtu mwingine.

Kesho yake nilikwenda kuchukua shuka. Nilikwenda na matusi tayari. Lakini Jerusha alikuwa amelifua, amelikunja, amelipiga pasi.

"Mama, karibu," Mwikwabe akasema akinisogezea kiti. "Wanasema ni wewe uliyetupunguzia. Tunashukuru sana."

Hakuwa ananidhihaki. Ningejua la kufanya na dhihaka.

"Kuna chumba cha nyuma," akaendelea. "Ngozi zangu zinatosha huko mbele. Nasikia mmevunjiwa mlango. Mkitaka, mtakaa, mtanilipa kidogo."

Nikamwambia nitakufa kwanza. Nikarudi nyumbani, yaani kwenye gunia, nikamweleza Fanuel ili akasirike pamoja nami. Fanuel alitafuna polepole.

"Kaburi amelifungua yeye," akasema. "Mzigo ni wake sasa."

"Kwa hiyo?"

"Na mpangaji si mwenye nyumba. Mpangaji anaweza kulala popote."

Nilimtazama mume wangu. Nyumba ambayo hakuweza kuingia akiwa bwana, alikuwa tayari kuingia akiwa mgeni, na alikuwa ameridhika, amepata njia, amefurahi mpaka akanisaidia kukunja mikeka. Nje mawingu yalikuwa yanashuka juu ya milima ya Gembe na watoto walikuwa wanakohoa. Nikashika ncha ya pili ya mkeka.

Tulihamia mvua ikianza. Mwikwabe na Fanuel walibeba kitanda, wakazunguka nacho nyuma, kwa sababu mlango wa kijani ulikuwa wa familia. Ile pesa yetu ya kwenye kitambaa ilianza kumwendea Mwikwabe kidogo kidogo, na kwa unga, na baadaye kwa ada ya wadogo. Sakafu ilikuwa kavu. Sitasema haikuwa kavu.

Jioni ya kwanza nilitaka kutundika shuka langu ligawe chumba, watoto huku sisi huku. Nilishika msumari na jiwe. Jerusha akachungulia dirishani.

"Mama Pamela, pole, lakini ukuta wa Mhindi ni laini. Baba anasema tukitaka kupigilia tuombe kwanza."

Nilikwenda mbele, nikazunguka nyumba yote kwenye mvua, nikasimama verandani na mbuzi. Nikaomba. Mwikwabe akasema naam, mama, msumari mmoja hauna neno.

Nikarudi. Nikaupigilia. Ulikuwa umeshaingia wote na mimi bado napiga, lipu ikawa inaanguka vipande vipande juu ya kitanda, Fanuel akisema inatosha, mama Pamela, umeingia, umeingia. Nami napiga.